Malindi Ilipoita Fahali

Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna jiwe la maandishi ya Kireno ambalo watalii wengi hulipita bila kulitazama, wakikimbilia kivuli cha ndani. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Jiwe linajigamba kwamba aliwaadhibu watu wa Pate na Siyu hadi akabomoa kuta za miji yao, na kwamba aliitia pwani ya Malindi chini ya utii na kuitoza kodi. Hapo anayejua historia husita kidogo. Malindi hii hii iliyokuwa rafiki wa Wareno tangu siku ya kwanza?

Chanzo ni ugomvi wa ndugu. Watu wa Mombasa na wa Malindi walikuwa wa dini moja na lugha moja, wakijenga nyumba za matumbawe za aina moja na kusafirisha majahazi kwa kaskazi na kusi ile ile. Walichogombania ni biashara. Mombasa ilikuwa na bandari yenye kina na hifadhi. Malindi ilikuwa na ufuo ulio wazi. Wareno walipofika Aprili 1498, Mombasa iliwashtukia nao wakaondoka haraka. Malindi ikawaletea kondoo na viungo, kisha ikawapa rubani wa kuwavusha hadi Calicut, India, wakafika mwezi uliofuata. Waongozaji wa watalii hupenda kusimulia kwamba Malindi ni mji wa ukarimu tangu hapo. Ukarimu ulikuwepo, lakini hesabu ilikuwepo pia: ukiwa na rafiki mwenye mizinga, jirani atakunyenyekea.

Na hesabu ilitoka, kwa muda. Mombasa ilichomwa mwaka 1505 na Francisco de Almeida, ikashambuliwa tena mwaka 1528 na Nuno da Cunha akisaidiwa na Malindi, ikaangushwa kabisa mwaka 1589. Ilipojaribu kulipiza kisasi kwa Malindi, ilipigwa na Wasegeju, jamii ya pwani hiyo. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan, na sultani wa Malindi akahamia Mombasa kukalia kiti cha mahasimu wake, akiahidiwa sehemu ya ushuru wa forodha. Tunapenda kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa methali haitoshi, kwa sababu nyasi zenyewe ndizo zilizomwita fahali.

Malindi ililipa kwanza kwa kuachwa. Sultani alipohama, biashara ilihama naye, mji ukafifia hadi karne ya 19 masultani wa Zanzibar walipoufufua kwa mashamba. Lakini aliyelipa ghali zaidi ni ukoo wa sultani mwenyewe. Hasan bin Ahmad, aliyerithi kiti hicho Mombasa, alikosana na mkuu wa ngome. Mwaka 1614 alikimbilia bara, Rabai, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Kilifi. Huko akauawa na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao yao makuu huko India.

Aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, wa miaka kama saba hivi. Wareno wakamchukua hadi Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza kupigana baharini katika meli zao. Baadaye wakamrudisha Mombasa kama mfalme: Mkristo, Mswahili, mtoto wa Malindi, mtumishi wa Lisbon. Kwa Wareno, mradi ulikuwa umefaulu. Walikuwa wamemtengeneza mtawala ambaye asingehitaji kulindwa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa wao.

Kisha akaonekana akiomba dua kaburini kwa baba yake, kwa namna ya Kiislamu. Habari zikamfikia mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, aliyepanga kumkamata na kumrudisha Goa. Yusuf akamtangulia. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua Gamboa, akarudia jina lake na dini yake. Waliokufa siku zile hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waafrika waliobatizwa kama alivyobatizwa yeye, ambao walikataa kugeuka alipogeuka. Hilo husahaulika tunapomfanya Yusuf shujaa wa ukombozi. Aliwauliza watu wa pwani swali lile lile aliloulizwa yeye utotoni, uko upande gani, na kwa ukali ule ule.

Mwaka 1632 aliiacha ngome, akaondoka kwa meli na mizinga, akawa haramia. Alifia Bahari ya Shamu mwaka 1638. Jiwe la Cabreira lilichongwa baada ya yeye kuondoka, na Malindi, iliyowakaribisha Wareno, ikaandikwa humo kama nchi iliyotiishwa.

Nayasema haya kwa sababu fahali wamerudi, safari hii wakitazama angani. Kaskazini ya Malindi, huko Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Roketi inayorushwa karibu na Ikweta kuelekea mashariki hubebwa na mzunguko wa dunia, na Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini. Wamarekani walitoa roketi za Scout. Ilikuwa enzi ya kushindana na Wasovieti juu ya nani ana mfumo bora wa kumtawala binadamu. Kati ya mwaka 1967 na 1988 zilirushwa satelaiti tisa kutoka pale. Moja, ya kwanza duniani kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru wetu, na NASA wakaiita Uhuru. Heshima kubwa, na kazi yake ilichangia Riccardo Giacconi kupata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini kati ya zile tisa, hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya.

Mwaka 2005 Wachina nao wakaweka kituo Malindi cha kufuatilia chombo chao cha Shenzhou 6 kilichobeba wanaanga. Si wageni kabisa. Mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga kwa mfalme wa China. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inaikataza NASA kushirikiana moja kwa moja na China. Yaani wenyewe kwa wenyewe hawawezi kuketi meza moja, ila wote wamepita mji ambao vijana wake wa ufuoni husalimia kwa Kiitaliano.

Na sasa mkaribishaji anaulizwa upya upande wake. Marekani ina mapatano yake ya Artemis kuhusu mwezi. China na Urusi wana mpango wao wa kituo cha mwezini. Rwanda na Nigeria walitia saini mapatano ya Artemis Desemba 2022. Afrika Kusini ikajiunga na Wachina mwaka uliofuata. Ukisikiliza mabishano ya mitandaoni kati ya vijana wa nchi hizi, nani kachagua vizuri, nani kauza Afrika, utadhani ni Malindi na Mombasa wakirushiana maneno, na hakuna katika wao mwenye roketi ya kufika mwezini.

Satelaiti yetu ya kuchunguza dunia, Taifa-1, iliruka tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kutoka Vandenberg, California. Wataalamu watanisahihisha kwamba njia yake hupita juu ya ncha za dunia, kwa hiyo Ikweta isingeisaidia. Ni kweli. Ila kuna satelaiti nyingine zitakazotaka Ikweta, na mazungumzo ya kujenga kituo cha Kenya cha kurushia roketi pwani hii yanaendelea. Wavuvi wa Ngomeni, wanaoyaona yale majukwaa kila wanapotoka na ngalawa, nao wanastahili kuitwa mezani.