Yai la Dhahabu na Njaa ya Wakulima

Katika Pasaka ya mwaka 1885 Alexander wa Tatu, mfalme wa Urusi, alimpa mkewe yai la dhahabu lililotoka karakana ya sonara Carl Fabergé. Nje limefunikwa enameli nyeupe, yaani kioo kilichosagwa kikayeyushwa juu ya dhahabu tanuruni. Ndani mna kiini cha dhahabu, na ndani ya kiini mna kuku. Ufundi huo haustahili kubezwa hata kidogo.

Lakini zawadi hiyo ikawa desturi ya kila Pasaka, hata ile ya 1892, ilhali njaa ilikuwa inaua wakulima kando ya mto Volga. Wako wasemao kwamba fedha ile iliwalisha mafundi. Ni kweli. Je, aliyelipa aliipata wapi, kama si katika kodi za wakulima walewale? Basi kupenda kizuri si dhambi; swali ni nani amekilipia, na kama aliulizwa.

Baada ya mapinduzi ya 1917 serikali mpya iliuza mengi ya mayai hayo ng'ambo. Lile la kwanza limo katika makumbusho huko St Petersburg. Taji dogo la almasi lililokuwamo ndani ya kuku limepotea.