Mtoto Huyu ni wa Nani?

Ukimtajia Mkatoliki wa Tanzania jina la Kipalapala, atakutajia seminari kuu, au vile vitabu vya kiwanda cha uchapaji cha TMP vilivyowalea wazazi wetu kutoka katekisimu hadi kitabu cha nyimbo. Seminari ipo tangu 1925, na mapadre waliopitia pale wametapakaa nchi nzima. Lakini miaka 40 na zaidi kabla ya seminari, pale nje kidogo ya mji wa Tabora palikuwa na nyumba ya namna nyingine. Habari zake hazisimuliwi sana kwenye jubilei. Mimi nazikumbuka kila nionapo fulana ya njano, na sababu nitaieleza.

Ilikuwa nyumba ya watoto wa kununuliwa.

Hawakuitwa hivyo, bila shaka. Waliitwa waliokombolewa. Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo mzigo mkubwa: unakomboa shamba ulilolitia rehani, unakomboa mateka, na kanisani tunapiga magoti mbele ya Mkombozi. Mapadre walilitamka kwa maana ya kanisani. Mtu aliyesimama mlangoni kwao ameshika mkono wa mtoto alilisikia kwa maana ya rehani. Kila upande uliondoka ukiamini umeelewana na mwenzake.

Mapadre hao walikuwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, kwa ajili ya kanzu zao nyeupe. Aliyewaanzisha mwaka 1868 ni Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyekuja kuwa kardinali 1882. Na shirika lenyewe lilizaliwa katika njaa. Miaka ya 1867 na 1868 njaa na kipindupindu viliua watu wengi sana Algeria, na Lavigerie akajikuta na yatima zaidi ya 1,000 wa kulisha. Akawatafutia walezi, kisha mashamba, kisha vijiji vya Kikristo watakapooa na kuolewa. Macho yake yalizoea sura hiyo ya utume: kwanza mtoto asiye na mtu, halafu nyumba, halafu kijiji.

Juni 1878 wamisionari wake kumi wa kwanza waliondoka Bagamoyo kufuata njia ya misafara. Yaliyowapata yaliwapata wengi katika njia hiyo. Wapagazi walitoroka na mizigo. Ugogoni kila mtemi alidai hongo, neno ambalo siku zile lilikuwa jina la ushuru halali wa kupita, na leo sote tunajua limeishia wapi. Agosti, Padre Joachim Pascal akafa kabla hajaiona Tabora. Waliobaki walifika baada ya miezi mitatu hivi, wakagawanyika: kundi moja likaelekea Nyanza na Uganda, jingine Ujiji.

Tabora waliyoikuta ilikuwa mji wa watu wa kuja. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na tembe zao na miembe yao, Wanyamwezi walikuwa na ujuzi wao wa kubeba na kuongoza misafara, na juu ya wote alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyetaka kila mgeni ajue yuko nchini kwa nani. Sultani Barghash alikuwa amefunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kuteremka pwani. Huku bara amri hizo zilifika kama uvumi. Vita viliendelea, mateka waliendelea kupatikana, na mateka rahisi kuliko wote ni mtoto. Hali sana, hapigani, na anasahau upesi. Ndivyo walivyoamini wenye kumuuza.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1880 mapadre wakafungua nyumba yao ya watoto Tabora, na baadaye Kipalapala. Mtoto analetwa, vitambaa vya malipo vinapimwa, mtoto anabaki. Fedha nyingi za kazi ya namna hii zilitoka Ulaya, na sehemu yake ilichangwa na watoto wenzao kupitia Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Ndilo hilohilo ambalo watoto wetu leo wanavaa skafu zake na kuandamana siku ya sherehe yao. Mtoto wa Ufaransa alitoa senti yake akiamini imemtoa mwenzake minyororoni, na kwa hesabu ya mtoto mmoja mmoja alikuwa sahihi kabisa. Nani angemtazama mtoto mwenye majeraha ya kamba shingoni aseme, mrudisheni, sisi hatununui?

Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Anayetafuta mapadre wabaya ili awalaumu hatawapata. Walikufa wengi, kwa homa na kwa mikuki. Lavigerie aliwaagiza wajifunze lugha za wenyeji na wale chakula cha wenyeji, na aliweka kanuni kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Huyo hakuwa mtu wa pupa. Kosa lilikuwa kwingine. Sura ya Algeria ilihamishiwa Unyamwezi bila kuulizwa swali. Wale wa Algeria walikuwa yatima wa njaa. Hawa wa Tabora walikuwa mateka: mahali fulani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika au vijiji vichache tu kutoka hapo, kulikuwa na mama, mjomba, shangazi. Mpango haukuwa na nafasi ya shangazi. Ulikuwa na nafasi ya mtoto, padre, na kijiji cha Kikristo cha kesho.

Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote mawili mtu wa sokoni angeyatabiri. La kwanza ni la biashara: ukionekana unapokea watoto kwa vitambaa, watoto wataletwa. Waingereza hawakuingia katika mpango huo, kwa kuwa sheria ya nchi yao iliwakataza raia wake kununua watumwa popote, nao waliutazama kwa jicho la shaka. Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alikaa Urambo kwa mtemi Mirambo kuanzia 1879 hadi kifo chake mwaka 1882. Alikuwa na sanduku la dawa. Wagonjwa walikuja kwake kwa miguu yao, na wakipona walirudi kwao.

La pili ni la siasa. Kwa macho ya mtu wa Unyanyembe, bwana mwenye boma, bunduki chache na watu wengi wadogo waliopatikana kwa vitambaa alikuwa mtu anayejulikana: ni mtemi mwingine anayejijenga. Mapadre wangeshangaa kuambiwa hivyo, lakini Isike hakuwa na sababu ya kuona vingine. Na palipo na watu wa mtemi pana ugomvi wa watu. Rumonge, katika Burundi ya leo, ugomvi kama huo ulizuka kati ya misheni na majirani zake Wabikari juu ya mtoto mmoja aliyekombolewa, huku wakisema ni wetu na huku wakisema ni wetu. Tarehe 4 Mei 1881 misheni ikavamiwa. Mapadre Deniaud na Augier wakauawa, pamoja na msaidizi wao Mbelgiji, D'Hoop. Mtoto mwenyewe angesema ni wa nani? Sijui kama kuna aliyemuuliza.

Kipalapala hakukumwagika damu kama ile. Pwani ilipowaka moto kwa vita vya Abushiri na Wajerumani mwaka 1888, uhasama wa Isike na wageni ukazidi, na 1889 mapadre wakaifunga nyumba, wakaondoka na watoto kuelekea kaskazini, hadi Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza. Watoto wale walikuwa wamefika Tabora kwa msafara bila kuulizwa, na sasa waliondoka kwa msafara bila kuulizwa. Safari hii hawakufungwa kamba. Ni tofauti kubwa, wala siidharau.

Kuna mtu mmoja ambaye ni lazima aingie hapa, maana bila yeye kisa kitaegemea upande mmoja. Adrien Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, yapata mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akauzwa, na mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Naye basi alikuwa mtoto wa kununuliwa. Lakini baada ya kumnunua walimpa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukidai tena: walimpeleka Malta kusomea udaktari. Aliposhuka pwani yetu mwaka 1888 alikuwa kijana wa miaka 22 mwenye kazi mikononi. Alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, mwaka uleule Kipalapala ilipofungwa. Akaoa hapo. Akawa tabibu na katekista, akatibu watu hapo, akazeekea hapo, akafia hapo mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja. Maaskofu wamepita, Wajerumani wamepita, Waingereza nusura wapite, yeye yupo na dawa zake. Wagonjwa wa Karema hawakuwa watu wake. Waliugua, wakaenda kwake, wakarudi nyumbani.

Sasa fulana.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu cha vijana kilipata mfadhili wa nje, nasi tukaenda kutembelea kituo kimoja cha kulelea watoto. Tulibeba magunia mawili ya mchele, sabuni za miche, biskuti, na fulana 18 za njano zenye jina la kikundi kifuani, maana mfadhili alitaka picha. Watoto wakavaa, wakapangwa mistari miwili, wakaimba, wakapigwa picha. Halafu tukazivua. Mchana tulikuwa na kituo kingine na fulana zilikuwa zilezile 18. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzikusanya. Wengine walivua wakicheka. Mvulana mmoja, wa miaka 8 hivi, alibaki ameshika pindo la yake kwa mikono miwili. Hakulia. Nikamwambia, "Lete, mwanangu, tunachelewa." Akaivua, akaiweka juu ya benchi, akaikunja mikono ndani na shingo juu, vizuri kuliko nilivyokunja zangu zote 17, akanipa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kumpa mkubwa. Nikaitia guniani.

Wakati wa kuaga, kwa aibu zaidi kuliko kwa busara, nikamwuliza mama mlezi, katika hawa 18, yatima ni wangapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Hakumaliza mkono wa pili. Waliobaki walikuwa na mama, au baba, au bibi, humuhumu Tabora. Sasa wanafanya nini hapa? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. Shule haina ada, ndiyo, lakini ina sare, madaftari na michango, na nyumbani mahindi yanaisha Januari. Huku kuna uji kila asubuhi, kwa sababu huku ndiko wafadhili wanakoleta. Nyumbani kwa mama yake hakuna gari la wafadhili lililowahi kusimama.

Mama wa yule mvulana alikaa ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika 20 kwa baiskeli. Tulimwendea mwezi uliofuata, watu wawili tu, bila kamera. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Tulimpa pole, tukamsalimia, tukaeleza tulikotoka. Fedha za vitambaa vya sare na madebe mawili ya mahindi zilizohitajika ili mtoto akae kwake muhula mzima zilikuwa pungufu ya gharama ya zile fulana na kuzichapisha. Alizipokea, akashukuru. Kisha akauliza, taratibu, bila kuinua macho kwenye ungo, ni nani aliyemwambia mwanawe aimbe kwamba hana mama. Wimbo ule, nikakumbuka, tulikuwa tumeurekodi na kuutuma.

Kila Krismasi ikikaribia, najua vikundi vingi huanza kuchanga. Changeni. Ila kabla hamjakodi gari, mtume mtu mmoja kwa mama mlezi na daftari, akaandike mbele ya kila jina la mtoto: mama yuko wapi, bibi yuko wapi, na anahitaji nini ili mtoto alale nyumbani. Na fulana, kama ni lazima ziwepo, waachieni watoto.