Panya wa Maabara na Hadithi ya Kisu

Wenzetu wanaosomea udaktari wa meno wanajua jambo ambalo sisi wa sharia hatulizungumzi: mengi yanayofahamika leo kuhusu ugonjwa wa fizi yametoka kwenye taya za panya. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, uzi wa hariri hufungwa kuzunguka gego lake, bakteria hujikusanya penye uzi, ufizi huvimba, na baada ya siku chache mfupa unaoshikilia jino huanza kulika. Kisha panya huuawa, taya husafishwa mpaka mfupa ubaki mtupu, na kwa hadubini hupimwa umbali kutoka pale enameli ya jino inapoishia hadi kwenye ukingo wa mfupa. Umbali ukiongezeka, mfupa umepotea. Tofauti inayotafutwa ni sehemu ndogo tu ya milimita.

Je, inajuzu?

Wapo wanaojibu haraka: panya ametajwa katika hadithi miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, basi mjadala umekwisha. Jibu hili ni jepesi mno. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, na wanavyuoni wengi wameifungamanisha ruhusa hiyo na madhara. Huyu aliyezaliwa ndani ya kizimba hajatoboa gunia la mtu yeyote.

Kwa upande wa pili, maslahi yapo na si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa mkali wa fizi unawapata zaidi ya watu bilioni 1. Unang'oa meno, na unahusiana na kisukari, kila mmoja ukiuzidisha mwenzake. Utaniambia, ndugu yangu, kwamba tuna mswaki na Sunna yake. Kweli, na laiti tungeushika. Lakini aliyekwisha kupoteza mfupa haurudishi kwa kupiga mswaki; anahitaji tiba, na tiba hujaribiwa kabla haijamfikia.

Kwa hiyo mimi nasema inajuzu kwa masharti, na sharti ninalolitilia mkazo silioni likitajwa. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, na akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake ampumzishe mnyama. Katika maabara, dawa ya usingizi ni sehemu ya kunoa kisu. Kipimo nacho ni sehemu yake.

Fikiri. Magego ya panya huendelea kuchomoza kidogo kidogo kadiri anavyozeeka, hivyo umbali ule huongezeka hata kwa panya mzima wa afya. Asipowekwa panya wa umri uleule asiyefungwa uzi, uzee utaandikwa kuwa ugonjwa. Taya likiinama kidogo chini ya hadubini, namba hubadilika. Na mpimaji anayejua panya yupi alipewa dawa huliona analotaka kuliona, bila hata kukusudia uongo. Namba ikiharibika hivyo, maslahi tuliyoyategemea kuhalalisha maumivu yale hayapo tena. Kilichobaki ni mnyama aliyeuawa bure.

Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba wanyama wabadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, wapunguzwe idadi, na maumivu yapunguzwe. Leo mashine ndogo ya CT inaweza kumpiga picha panya akiwa hai, mmoja yuleyule mara kadhaa, badala ya kuua kundi jipya kila wiki. Ni ghali, najua, na vyuo vingi vyetu havina. Lakini kuficha majina ya makundi kwa mpimaji hakugharimu shilingi.

Jaribio la kurudia lijulikanalo, ili tu mwanafunzi apate alama, mimi siwezi kulitetea. Mifupa iliyohifadhiwa na picha zinatosha kumfundisha kupima. Na Mwislamu akikaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti, asiulize tu panya wangapi watauawa. Aulize pia nani atapima, kwa chombo gani, na kama atakuwa anajua taya lililo mbele yake ni la kundi lipi.