"Ukifika utamvuta": Visa ya mume na haki ya mke

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Masoko, wilayani Rungwe, kijana mmoja aliniletea mkataba wa kazi nimsomee. Wakala amemtafutia kazi ya udereva wa nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, miaka miwili. Ameoa mwaka jana na mkewe ni mjamzito. "Ustadh, wakala amesema nikifika tu nitamvuta mke wangu," aliniambia kwa furaha.

Niliusoma mkataba wote. Neno "mke" halimo.

Ndugu zangu Waislamu, jambo hili si geni Rungwe. Miaka ya 1950 shirika la WENELA lilikuwa likichukua vijana wa huku kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Waliwekwa kwenye makambi ya wanaume watupu, na wake zao wakabaki kulima na kusubiri. Leo vijana wetu wanapanda ndege, lakini swali la mke halijapata jibu.

Tuseme ukweli juu ya vibali hivi. Katika nchi za Ghuba, ruhusa ya kumleta mke hutegemea aina ya kazi na kima cha mshahara. Dereva wa nyumbani kwa kawaida huhesabiwa pamoja na watumishi wa ndani, na hao ni nadra kuruhusiwa kuleta familia. Hata mwenye cheo akiruhusiwa, ukaazi wa mkewe husimama juu ya ukaazi wake. Kazi ikikatika, wote wawili hufungasha. Uingereza nayo, tangu tarehe 11 Machi 2024, iliwazuia wahudumu wa wazee na wagonjwa wanaoingia kwa viza ya kazi hiyo kwenda na wenza na watoto wao. Tusiwalaumu wao peke yao. Hapa kwetu pia, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, mgeni aliyemfuata mwenzi wake haajiriwi mpaka apate kibali chake mwenyewe.

Sasa sheria ya Allah (s.w.) inasemaje? Suratut Talaq aya ya 6 inaamrisha mke aliyeachwa, akiwa edani, awekwe pale anapokaa mume, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Ikiwa hiyo ni haki ya aliyepewa talaka, je, aliye ndani ya ndoa?

Sayyidna Umar (r.a.) alipomsikia usiku mke wa askari akilalamika upweke, alimuuliza binti yake Hafsa (r.a.) mwanamke huvumilia muda gani bila mumewe. Riwaya zimetofautiana, zipo zinazotaja miezi minne na zipo zinazotaja sita, lakini zote zinaonesha kuwa kiongozi aliwawekea askari mpaka wa kukaa mbali. Hao walikuwa katika jihadi. Sisi tunaokwenda kutafuta riziki tuna udhuru gani wa kukaa miaka miwili bila hata kumuuliza mke?

Sisemi safari ni haramu. Kutafuta riziki ni ibada. Ninachosema ni kwamba mke akiridhia kwa kujua, hiyo ni subira yenye ujira. Akiridhia kwa kudanganywa, hiyo ni dhuluma. Na wale wanaowapeleka wake zao kwa viza ya matembezi kisha wakawaficha huko wafanye kazi, wakumbuke Suratul Maidah aya ya 1 inayotuamrisha kutimiza mikataba. Viza nayo ni mkataba. Tena anayeonewa na mwajiri akiwa hana kibali huogopa hata kwenda polisi.

Nilimuuliza yule kijana, "Mkeo ameusikia mkataba huu?" Akainamisha kichwa. Jioni alirudi naye. Nikausoma tena, kifungu kwa kifungu. Binti yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ustadh, basi huyo wakala aliandike hilo la kunivuta."

Mumewe akampigia simu pale pale. Jibu la wakala likawa, hilo haliandikwi.

Uamuzi ni wao, na mpaka naandika haya hawajaamua. Lakini sasa wanajadiliana wawili, kwa jambo wanalolijua. Wazazi, mawalii na maimamu, kabla ya kumwombea dua msafiri, mwambieni kwanza akamsomee mkewe mkataba.

Wallahu a'lam.