Vipindi 12 Bila Doa

Watoto wetu wanaocheza besiboli hapa Marekani hurudi nyumbani na hesabu nyingi kuliko mwenye duka. Sisi tuliokulia kwenye kandanda huuliza tu nani kashinda. Lakini hesabu hizo zina swali ndani yake: kitabu kikikataa kuihesabu kazi ya mtu, je, kazi hiyo imepungua?

Mei 26, 1959, mjini Milwaukee, Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates aliingia uwanjani kurusha mpira akiwa na mafua. Kazi ya mrushaji ni kumzuia mpigaji asifike kituo cha kwanza. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu yao imekwisha, na mchezo wa kawaida una vipindi 9. Haddix aliwatoa wapigaji 27 mfululizo. Wenzake nao hawakupata pointi, kwa hiyo mchezo ukaendelea, naye akaendelea mpaka wakafika 36. Vipindi 12 bila hata mtu mmoja kufika kituo! Hadi leo hakuna mrushaji mwingine wa ligi kuu aliyefika huko.

Upande wa pili, Lew Burdette wa Milwaukee alipigwa mara 12, lakini hakuruhusu pointi.

Katika kipindi cha 13, Don Hoak wa Pittsburgh aliokota mpira wa kawaida akaurusha vibaya, na Félix Mantilla akafika kituo cha kwanza. Mwenzake akamsogeza mbele, Hank Aaron akapewa kituo kwa makusudi, kisha Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka uzio. Aaron, akidhani mambo yamekwisha, aliiacha njia, na Adcock akampita, jambo ambalo sheria inakataza. Uongozi wa ligi ukaamua kwamba matokeo ni 1-0 tu. Haddix akaandikiwa kushindwa.

Mwaka 1991 kamati ya takwimu ikaamua kwamba mchezo usio na pigo ni ule unaomalizika bila pigo. Haddix akaondolewa kwenye orodha.

Wengi walimwonea huruma. Mimi naona kamati ilitenda haki. Kitabu kinachoongeza kwa huruma leo, kesho kitapunguza kwa chuki, na ni ukali uleule uliomnyima Adcock pointi zake. Kosa ni letu tunaokigeuza kitabu kuwa hakimu wa watu. Baba aliyekuwa mwalimu kwao, sasa anapanga maboksi ghalani usiku, hukuta kwenye fomu kisanduku cha vyeti vinavyotambuliwa hapa, naye hukiacha kitupu. Kisanduku hakisemi uongo, kinajibu kilichoulizwa. Lakini watoto aliowafundisha kusoma wanasoma mpaka leo, na wanawe wanapaswa kulijua hilo kabla hawajaiona ile fomu.

Oktoba 13, 1960, Pittsburgh walicheza mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya New York Yankees, Hoak akiwa bado mlinzi wa kituo cha tatu. Haddix aliingizwa katika kipindi cha 9 Pittsburgh wakiongoza. Yankees wakasawazisha, 9-9, yeye akiwa anarusha. Dakika chache baadaye Bill Mazeroski akaupiga mpira nje ya uzio, 10-9, na kwa kipindi hicho kimoja Haddix akaandikiwa ushindi.