Hiari na Kisu: Swali la Guangzhou

Mwishoni mwa karne ya 19, Kang Youwei, mwanazuoni mzaliwa wa Nanhai karibu na Guangzhou, alianzisha pamoja na mdogo wake Kang Guangren chama cha kupinga desturi ya kuwafunga wasichana miguu. Vyama vya namna hiyo havikutosheka na mawaidha. Wanachama waliweka ahadi ya pande mbili: hawatawafunga miguu binti zao, na wana wao hawataoa wanawake waliofungwa miguu. Hekima ya ahadi hiyo iko wazi. Mzazi aliyaona maumivu ya mwanawe. Lililomshinda ni hofu kwamba binti yake, akiachwa na miguu yake ya asili peke yake mtaani, atakosa mume.

Katika jiji hilohilo, ambako leo wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba hufikia Xiaobei kununua bidhaa, kliniki za urembo ni biashara kubwa, na miongoni mwa huduma za biashara hiyo ni upasuaji wa kupunguza mashavu madogo ya uke. Daktari huondoa ngozi inayohesabiwa kuwa imezidi, ama kwa kuikata kufuata ukingo wake ama kwa kutoa kipande chenye umbo la kabari, kisha hushona. Hufanyika kwa ganzi au kwa nusukaputi, na kwa kawaida mwanamke hushauriwa ajizuie na tendo la ndoa kwa takriban wiki sita. Hatari zake ni kuvuja damu, maambukizi, kufumuka kwa mshono, kovu lenye maumivu na kupungua kwa hisia, kwa kuwa sehemu hiyo ina mishipa mingi ya fahamu. Kilichokatwa kupita kiasi hakirudi.

Wapo wanaoumia kwelikweli: ngozi husuguliwa na nguo, kuendesha baiskeli huwa adha, na tendo la ndoa huwa mateso. Hao wana haki ya kutibiwa. Swali la kimaadili linawahusu wasioumwa popote, ila wamejiona wana kasoro. Kasoro kwa kipimo kipi? Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2005 uliwapima wanawake 50 na kukuta upana wa mashavu hayo ukianzia milimita 7 hadi 50. Huko Buganda, msichana hufundishwa kwa desturi na ssenga, yaani shangazi yake, kuyavuta yarefuke, na asiyefanya hivyo ndiye huonekana amepungukiwa. Nyama ni ileile: kwa ssenga ni pungufu, kwa kliniki ni ziada.

Jibu linalotolewa upesi ni hiari: mtu mzima ameamua, amelipa, ametia sahihi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 dhidi ya ukeketaji haikuridhika na jibu hilo. Inasema kwamba ridhaa ya aliyekatwa si utetezi, na inautenga upasuaji wenye lengo halisi la tiba. Mwaka 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa ombi la daktari aliyetaka mwanamke mtu mzima aachiwe uamuzi wake. Nyuma ya msimamo huo kuna wazo zito: “ndiyo” inayotamkwa chini ya macho ya jamii nzima haiwezi kupokewa kana kwamba imetamkwa faraghani.

Wazo hilo likikubaliwa, haliwezi kuishia kwa ngariba. Tofauti zipo, na si ndogo: ukeketaji hufanywa zaidi kwa watoto, mara nyingi kwa nguvu, nao hauna faida yoyote ya kiafya. Lakini mwanamke mzima anapokatwa ili asionewe haya na mume, ngariba na daktari wanahudumia hofu moja. Chumba safi hupunguza maambukizi, shinikizo hakiligusi. Serikali ya China yenyewe ililigusa suala la hofu mwezi Novemba 2021, ilipotoa mwongozo dhidi ya matangazo ya urembo wa kitabibu yanayozua wasiwasi kuhusu sura, yakiwemo yanayohusisha sura isiyopendeza na uvivu au umaskini.

Haifuati kwamba mwanamke aliyekwenda kliniki alaumiwe, wala kwamba kila mmoja azuiwe. Kumlaumu ni kumtwika peke yake mzigo uliofungwa na wengi. Mwaka 1996 mwanazuoni Gerry Mackie alizilinganisha desturi ya kufunga miguu na ile ya kukeketa na kushona, akaonyesha kwamba zote mbili hushikiliwa na matarajio ya ndoa, ndiyo maana familia moja haiwezi kujitoa peke yake. Somo ni lilelile la Guangzhou ya kale. Ahadi ile iliwafunga pia wana, yaani waoaji wa kesho, kwa sababu bila wao uhuru wa binti ulikuwa wa jina tu. Fomu ya ridhaa ya leo inatiwa sahihi na mwanamke mmoja. Wale ambao macho yao ndiyo yaliyompeleka pale hawaulizwi chochote.