Sahani Iliyong'olewa Kaburini

Nilikwenda Kunduchi kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Wiki hiyo nilikuwa nimesaini karatasi za fidia ili kaburi la bibi, kule Mbagala, lihamishwe kupisha barabara. Baba mdogo akanipigia simu: “Kwa hiyo umeshamuuza mama yangu?” Nikakosa jibu. Kesho yake nikapanda daladala.

Magofu ya Kunduchi yako hapahapa Kinondoni, ila wengi tunayapita tukienda kuogelea au kununua samaki. Kuna msikiti uliobomoka, mibuyu, na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18. Kaburi lenyewe ni ukuta mfupi wa matumbawe na chokaa, na juu yake umesimama mnara. Si wa adhana. Hauna mlango wala ngazi. Kazi yake ni kuonekana tu. Kwenye mnara fundi alipachika sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Hebu fikiria, chombo kimevuka bahari yote hiyo, halafu mwenyewe anakigandisha ukutani, hakiliwi wali tena! Pwani walikuwa na mila hiyo, toka Kaole hadi Mambrui, ambako mnara mmoja ulianguka mwaka 1934.

Leo vishimo vingi ni vitupu. Sahani zimeng'olewa, imebaki duara kwenye chokaa.

Sasa aliyeng'oa alimwibia nani? Marehemu hali humo. Warithi hawajulikani. Tuna sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, sawa, lakini wizi haukusubiri sheria ndipo uwe wizi. Mimi naona sahani ile ilishatolewa, na waliopewa ni wapita njia. Mimi nikiwemo. Kwa hiyo niliibiwa hata kabla sijazaliwa.

Hoja hiyo ilinifurahisha mpaka nikamkumbuka bibi. Kaburi lake halina mnara wala sahani. Hakuwaachia wapita njia kitu. Alichoacha ni neno, na mimi sikuwahi kuliuliza.

Nikampigia baba mdogo. Habari za Kunduchi sikumwambia. Nilimuuliza bibi alitaka kulala wapi.

Alikaa kimya, kisha akasema: “Pembeni ya babu yako. Popote pale.”

Kaburi la babu liko hatua tatu nje ya alama za barabara. Kwenye karatasi nilizosaini halimo.